Hasira yetu, ukimya wa mtoto

Runinga inatangaza kwamba mwanamume mmoja amekamatwa kwa kumbaka mtoto. Sebuleni wameketi watu wazima wanne. Wa kwanza anasema mtu huyo anyongwe. Wa pili anasema kunyongwa ni kumpumzisha, ahasiwe kwanza, ateseke. Wa tatu anatikisa kichwa: huyo si mtu, ni mnyama. Wa nne anaitikia. Pembeni, sakafuni, yuko mtoto wa miaka tisa anayeandika kazi ya shule. Hainui kichwa, lakini masikio yake hayakosi neno. Huu ni mwezi wa tano tangu mmoja wa hao wanne aanze kumfuata chumbani usiku. Ni mjomba wake, na ndiye yule wa kwanza, aliyetaka mtu anyongwe.

Mtoto huyu nimemtunga. Sebule yenyewe ipo popote palipo na habari, watu wazima, na mtoto anayedhaniwa hasikilizi.

Katika dakika zile chache mtoto amejifunza mambo mawili. La kwanza: akisema, mjomba atauawa, na atakayekuwa amemuua ni yeye. La pili ni gumu zaidi kuling'oa. Wanaofanya mambo hayo si watu, ni wanyama. Lakini mjomba ni mtu. Humletea madaftari, humchekesha, mama humtegemea. Basi huenda yanayotokea usiku si yale yanayosemwa kwenye habari. Huenda ni kitu kingine kisicho na jina, na kama hakina jina, utakisemaje?

Naandika kuhusu hasira ile ya sebuleni, ambayo na mimi ninayo, na kuhusu swali ambalo mara nyingi huwaudhi watu wakiulizwa: kwa nini mtu humtendea mtoto hivi? Wengi hudhani lazima uchague. Ama unataka mhalifu aadhibiwe, ama unataka kumwelewa, na anayetaka kumwelewa ameshamsaliti mtoto. Nadhani tumeyagombanisha mambo yasiyo na ugomvi, na gharama ya ugomvi huo anailipa mtoto aliye sakafuni.

Kwanza niseme kwamba hasira hii si jambo la kuonea haya. Haikuwapo siku zote. Ilipatikana kwa jasho. Mwaka 1874, mjini New York, aliyesimamia kuokolewa kwa msichana mdogo aliyekuwa akipigwa na mlezi wake alikuwa mwanzilishi wa chama cha kuwatetea wanyama. Chama hicho kilikuwapo tangu 1866. Cha kuwatetea watoto kilikuja baada ya kesi ile. Karibu miaka tisini baadaye, mwaka 1962, daktari C. Henry Kempe na wenzake wa Denver walichapisha makala kuhusu watoto wadogo waliofikishwa hospitali wakiwa na mifupa iliyovunjika nyakati tofauti, mmoja umeshaunga, mwingine bado mbichi, na maelezo ya wazazi hayalingani na picha za eksirei. Waliandika pia kuhusu madaktari wenyewe: picha walikuwa wanaziona, ila mioyo yao ilikuwa inakataa kuamini kwamba mzazi anaweza kufanya hivyo. Ndani ya miaka michache majimbo yote ya Marekani yalikuwa na sheria za kuwataka madaktari watoe taarifa. Kwa hiyo atakayesema tupunguze hasira hapati mkono wangu. Dunia isiyokasirika tulishaiishi, na watoto waliumia humo bila mtu kuandika chochote.

Shida yangu ni hasira ilikoelekezwa, na masharti tuliyoiwekea.

Neno "sababu" na kazi zake tatu

Kiswahili chenyewe kinatupa mahali pa kuanzia. Tukisema "sababu", tunaweza kumaanisha kilichozaa jambo, yaani chanzo. Tunaweza pia kumaanisha haki ya kulifanya: "ana sababu ya kukasirika" maana yake kukasirika kwake ni halali. Na mtu akijitetea bila msingi tunasema "anatafuta sababu", yaani kisingizio. Neno moja limebeba chanzo, uhalali na kisingizio. Haishangazi basi kwamba mtafiti akisema "hizi ndizo sababu za watu kuwatesa watoto", msikilizaji anasikia mtesaji akitetewa.

Kuna ushahidi kwamba hofu hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 1999 wanasaikolojia Arthur Miller, Anne Gordon na Amy Buddie waliandika kuhusu swali hilihili: je, kueleza uovu ni kuuhalalisha? Waliona kwamba watu wakipewa kazi ya kutafuta maelezo ya kitendo kiovu, huelekea kulegeza hukumu yao kidogo, hata bila kukusudia. Kwa hiyo mama anayesema "sitaki kusikia alilelewaje, nataka afungwe" ameona jambo la kweli: maelezo yana tabia ya kuteleza na kugeuka utetezi. Nami nimewahi kusikia wakili akisimulia utoto wa mteja wake hadi mtoto aliyeumizwa akapotea kabisa katika simulizi.

Ila kuteleza si lazima. Mhandisi anayechunguza kwa nini jengo limeanguka na kuua watu hamtetei mkandarasi aliyepunguza saruji. Mkandarasi atajibu mahakamani. Mhandisi anataka kujua ni nguzo ipi ilianza kupasuka, kwa sababu yapo majengo mengine ambayo watu wamelala ndani yake usiku huu. Chanzo huulizwa kwa ajili ya mtoto ajaye, na hukumu hutolewa kwa ajili ya yule aliyekwisha kuumizwa. Maswali haya mawili hayaulizwi chumba kimoja wala siku moja, na jibu la moja halifuti la jingine.

Mnyama asiyefanana na mnyama

Picha iliyo vichwani mwetu ni ya mtu mgeni: amejificha, macho yake yanatisha, ukimwona unamjua. Wazee walishasema kikulacho ki nguoni mwako, na takwimu za nchi zilizochunguza jambo hili kwa miaka mingi zinakubaliana nao. Katika ukatili wa kingono dhidi ya watoto, mtendaji huwa anafahamika kwa mtoto katika matukio takribani tisa kati ya kumi: ndugu, jirani, mwalimu, kocha, kiongozi wa dini, rafiki wa familia. Na si wote watu wazima. Utafiti wa David Finkelhor na wenzake uliotolewa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kwamba, kati ya waliojulikana na polisi kwa makosa ya kingono dhidi ya watoto, zaidi ya theluthi moja walikuwa wenyewe hawajafikisha miaka 18.

Jambo jingine linalochanganya watu: kuna mtu mwenye tamaa ya kudumu ya kingono kwa watoto, na kuna mtu aliyemtendea mtoto ukatili wa kingono. Watu hawa wawili si lazima wawe mmoja. Wako wenye tamaa hiyo ambao hawajawahi kumgusa mtoto. Na sehemu kubwa ya waliowagusa watoto hawana tamaa hiyo ya kudumu. Walimtumia mtoto kwa kuwa alikuwepo, alikuwa dhaifu, hakuwa na wa kumwamini, na wao walitaka kutawala au walikuwa wamelewa. Kwa mtoto, maumivu ni yaleyale. Kwa anayetaka kuzuia, tofauti ni kubwa, kwani mlango walioingilia si mmoja.

Finkelhor huyohuyo, mwaka 1984, alipanga jambo hili kwa namna ambayo mpaka leo sijaona iliyo wazi kuizidi. Alisema ili ukatili wa kingono dhidi ya mtoto utokee, vizuizi vinne vinapitwa kwa mfuatano. Mtu awe na msukumo wa kutenda. Kisha aishinde breki iliyo ndani yake: dhamiri, aibu, hofu ya kukamatwa. Pombe huilegeza breki hiyo, na kujidanganya pia: "hatakumbuka", "ananipenda", "simuumizi". Baada ya hapo avuke vizuizi vya nje: mama aliye macho, shule isiyomwacha mtu mzima peke yake na mtoto, jirani anayeuliza. Mwisho aushinde upinzani wa mtoto mwenyewe, kwa zawadi, kwa vitisho, kwa kumfanya ajione mshirika, au kwa kutumia upweke wa mtoto ambaye hakuna aliyewahi kumkumbatia bila kutaka malipo.

Sasa weka adhabu kali katika picha hiyo. Inagusa wapi? Inagusa breki ya ndani, na inaigusa pale tu mtu anapoamini kwamba atakamatwa. Hili si wazo geni; Cesare Beccaria aliliandika Italia mwaka 1764: kinachozuia uhalifu ni uhakika wa adhabu kuliko ukali wake. Mjomba wa sebuleni hahofii kunyongwa. Anajua mtoto hatasema, na akisema hataaminiwa, na akiaminiwa familia itayamaliza ndani kwa ndani. Ukimwongezea adhabu kutoka miaka thelathini hadi kifo, hujabadilisha hesabu yake hata kidogo. Ukimfundisha mama yake mtoto kusikiliza, umeibadilisha yote.

Kwa adhabu ya kifo, hesabu uliyoibadilisha ni ya mtoto, na kwa ubaya. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Kennedy dhidi ya jimbo la Louisiana, ilikataa adhabu ya kifo kwa kosa la kumbaka mtoto pale mtoto asipouawa. Majaji waligawanyika, watano kwa wanne. Miongoni mwa hoja walizozipima zilikuwamo mbili ambazo mtu mwenye hasira hazimjii upesi. Moja, kama mtendaji ni ndugu na adhabu ni kifo, mtoto na familia watazidi kunyamaza. Ya pili, mtu anayejua kwamba atauawa kwa ubakaji hana cha kupoteza akimuua na shahidi. Na miongoni mwa walioiandikia mahakama kuipinga adhabu hiyo yalikuwamo mashirika yanayowatetea watu waliofanyiwa ukatili wa kingono. Watu hawa hawawezi kushutumiwa kwamba hawawapendi watoto. Mazungumzo hayakuishia hapo: India iliweka adhabu ya kifo kwa ubakaji wa mtoto wa kike wa chini ya miaka 12 mwaka 2018, na jimbo la Florida likapitisha sheria yake mwaka 2023 likijua inagongana na uamuzi ule. Umma umepiga makofi pande zote mbili za dunia. Naelewa makofi hayo. Bado namwona mtoto wa miaka tisa akizidi kuinamisha kichwa.

Hasira ikikosa kumpata wa nyumbani, humtafuta wa nje. Mwaka 2000 gazeti moja la Uingereza lilianza kuchapisha majina na picha za watu waliowahi kuhukumiwa kwa makosa dhidi ya watoto. Mjini Portsmouth makundi ya watu yaliandamana usiku baada ya usiku, magari yakachomwa, familia zikahama, nyingine hazikuwa na kosa lolote. Mwezi huohuo wa Agosti, huko Newport, Wales, daktari wa watoto alikuta nyumba yake imepakwa rangi maandishi ya kumwita mnajisi wa watoto, kwa kuwa jina la taaluma yake kwa Kiingereza linaanza kama lile la mtu mwenye tamaa ya kingono kwa watoto. Kisa hicho husimuliwa kama kichekesho. Sioni cha kuchekesha. Aliyepaka rangi ile aliamini anawalinda watoto, na usiku uleule, kwenye nyumba nyingine ambazo hazikupakwa rangi, kuna watoto waliokuwa wakifuatwa vyumbani.

Vipi kuhusu kuwatangaza waliotoka gerezani? Wengi huamini karibu wote hurudia. Mwaka 1998 watafiti wa Kanada, Karl Hanson na Monique Bussière, walikusanya tafiti 61 zenye wahalifu wa kingono zaidi ya 23,000. Katika miaka minne hadi mitano baada ya kutoka, waliokamatwa tena kwa kosa la kingono walikuwa asilimia 13.4. Hao ni waliojulikana tu, na makosa mengi ya aina hii hayafiki polisi, kwa hiyo si takwimu ya kulalia usingizi. Inaonyesha lakini kwamba hatari hailingani kwa watu wote na inaweza kupimwa: wapo wa kufungiwa muda mrefu sana, nami sina tatizo na hilo, na wapo ambao usimamizi wa karibu unawatosha. Utafiti uliofanyika jimbo la New Jersey na kutolewa mwaka 2008 haukuona kwamba kuwatangaza hadharani kulipunguza makosa ya kurudia. Aliye kwenye orodha tunamjua. Mjomba hayumo kwenye orodha yoyote.

Uongo unaowaumiza walionusurika

Hapa lazima nikae kidogo, maana ndipo swali la chanzo linapotumiwa vibaya kuliko popote. Kuna sentensi inayotembea midomoni mwa watu kama sheria ya maumbile: aliyenyanyaswa utotoni, naye atanyanyasa. Husemwa kwa huruma, husemwa kwa hekima, husemwa mahakamani. Fikiria inavyosikika kwa mwanamke aliyepigwa utotoni na sasa ana mimba ya kwanza. Inamwambia kwamba mtoto aliye tumboni hayuko salama naye.

Mwaka 1987 Joan Kaufman na Edward Zigler walipitia ushahidi uliokuwapo na kukadiria kwamba waliotendewa ukatili utotoni na kuja kuwatendea watoto wao ni karibu asilimia 30. Idadi hiyo ni kubwa kuliko ya watu wengine, na ndiyo maana utoto wa mzazi ni jambo la kuliangalia. Lakini igeuze usome upande wa pili: karibu saba kati ya kumi hawakurudia. Miaka miwili baadaye Cathy Spatz Widom alichapisha utafiti uliowafuatilia watoto 908 ambao kesi zao za kuteswa au kutelekezwa zilithibitishwa mahakamani, akiwalinganisha na wengine 667 wa umri, jinsia, rangi na mazingira yanayofanana. Waliokamatwa kwa makosa ya jinai kabla ya utu uzima walikuwa asilimia 26 upande wa kwanza na 17 upande wa pili. Waliokamatwa kwa makosa ya kutumia nguvu: asilimia 11 dhidi ya 8. Tofauti ipo na ni ya kweli. Ila ukisema "hivyo ndivyo wanavyokuwa", umewakosea takribani tisa kati ya kila kumi.

Widom hakuishia hapo. Aliendelea kuwafuatilia watu haohao hadi wakawa na watoto wao, na mwaka 2015 akaonyesha jambo la kufikirisha: waliokuwa na historia ya kuteswa waliripotiwa zaidi kwa mamlaka za ulinzi wa watoto, lakini sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na kuangaliwa zaidi. Familia yenye faili hutazamwa kwa jicho kali, isiyo na faili hupita. Kuhusu kipigo, ushahidi wa kurithishana haukuwa na nguvu kama watu wanavyodhani.

Kwa hiyo mtu akisimama mahakamani na kusema "na mimi nilifanyiwa", jibu la haki lina sehemu mbili, na zote zisemwe. Pole, lile halikupaswa kukupata, na aliyekufanyia alipaswa kujibu. Na wengi waliopita ulikopita wewe walipofika mbele ya mtoto walisimamisha mkono.

Adabu na adhabu

Ajabu ya hasira yetu ni kwamba ina chumba kimoja tu. Kwa ukatili wa kingono tunataka kamba. Kwa kipigo, tunacheka na kusimulia tulivyochapwa sisi. Maneno adabu na adhabu yanakaribiana mno mdomoni, na mtu akimchapa mtoto mpaka ngozi ikapasuka husema "namtia adabu". Shirika la UNICEF lilikadiria mwaka 2024 kwamba watoto wapatao milioni 400 wa chini ya miaka mitano, yaani sita kati ya kumi duniani, huadhibiwa nyumbani mara kwa mara kwa kipigo au kwa maneno ya kuwavunja moyo. Hapa hakuna mnyama wa kunyonga. Tuko sisi wenyewe. Sweden ilipiga marufuku kuwachapa watoto mwaka 1979, ya kwanza duniani, na leo zaidi ya nchi 60 zimefanya hivyo. Kwingine mjadala bado ni mkali.

Kuna kinachozungumzwa kidogo zaidi kuliko kipigo. Nchini Marekani, ambako kumbukumbu hutunzwa kwa kina, karibu robo tatu ya watoto wanaothibitishwa kutendewa vibaya kila mwaka wamepuuzwa: hawakulishwa, hawakutibiwa, waliachwa peke yao. Umaskini haumfanyi mtu kuwa mtesaji, na maskini wengi sana hulea kwa upendo. Hata hivyo Kerri Raissian na Lindsey Bullinger walionyesha mwaka 2017 kwamba katika majimbo ya Marekani, kima cha chini cha mshahara kilipoongezeka kwa dola moja kwa saa, ripoti za watoto kupuuzwa zilipungua kwa karibu asilimia 10. Dola moja. Hakuna hukumu ya mahakama ninayoijua iliyowahi kufanya hivyo.

Nikuonyeshe jambo moja kwa karibu. Ni saa nane usiku. Mtoto ana wiki saba, analia kwa saa ya tatu sasa. Amenyonya, amebadilishwa nepi, hana homa. Baba yuko peke yake naye. Mama amezidiwa na usingizi, au yuko kazini. Mikono ya baba imeanza kutetemeka na anamshika mtoto chini ya kwapa, uso kwa uso. Sekunde tano za kumtikisa zinatosha kuvujisha damu kwenye ubongo. Mtu huyu hakuwa mnyama saa mbili usiku. Hakuna aliyemwambia kwamba kilio cha watoto wachanga huongezeka wiki za mwanzo, hufika kileleni mwezi wa pili, kisha hupungua chenyewe; kwamba mtoto mzima kabisa anaweza kulia hivyo bila kuwa na ugonjwa; kwamba akihisi damu inapanda, amlaze mtoto chali mahali salama, afunge mlango, atoke nje dakika chache, ampigie mtu simu. Mtoto hatakufa kwa kulia. Maelezo haya huchukua dakika tano kabla ya mama kuruhusiwa kutoka wodini.

Na yupo aliyejaribu kuyapeleka hadi mlangoni. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, mjini Elmira katika jimbo la New York, David Olds na wenzake waliwatuma wauguzi kuwatembelea nyumbani wajawazito wa mimba ya kwanza, wengi wao wasichana wadogo, maskini au wasio na mume, tangu mimba hadi mtoto anafikisha miaka miwili. Waliwafuatilia kwa miaka kumi na mitano, na mwaka 1997 wakatoa matokeo: ripoti za watoto kuteswa au kupuuzwa katika familia zilizotembelewa zilikuwa karibu nusu ya zile za wasiotembelewa. Penye ugomvi mwingi wa kupigana kati ya mume na mke, faida hiyo haikuonekana, na hilo nalo ni funzo: kuna nyumba ambazo muuguzi peke yake hatoshi.

Gumu kuliko yote nimeliacha nyuma kwa sababu najua linavyochukiza. Mwaka 1992 nchini Marekani, Fran Henry, aliyetendewa ukatili wa kingono utotoni, alianzisha shirika la Stop It Now!, lenye simu ya msaada inayopokea pia watu wanaoogopa mawazo yao wenyewe kuhusu watoto, na wake, mama na ndugu walioanza kumshuku mtu wa nyumbani. Mwaka 2005, hospitali ya Charité mjini Berlin ilifungua matibabu ya siri kwa watu wenye tamaa ya kingono kwa watoto wanaotaka wasije wakamgusa mtoto. Kama matibabu hayo yanapunguza makosa kiasi gani, wataalamu bado wanabishana. Najiuliza tu: mtu anayepiga simu hiyo kabla ya kutenda, tungetaka asiipige? Mtu akishatenda, mahakama iko pale. Kabla hajatenda, hana mahali pengine pa kwenda isipokuwa kwa mtoto.

Tume ya kifalme ya Australia iliyochunguza ukatili wa kingono katika taasisi, kati ya 2013 na 2017, ilisikiliza faraghani zaidi ya watu 8,000. Kwa wastani, walichukua karibu miaka 24 tangu walipotendewa hadi walipomwambia mtu. Miaka 24: mtoto wa miaka tisa anasema akiwa na thelathini na mitatu. Na anaposema mapema, mara nyingi husema kipande kwanza, kama anayepima kina cha maji kwa mguu, huku akiusoma uso wako. Akiona uso umewaka na mdomo unasema "nitamuua", hurudisha mguu. Kesho yake atasema alidanganya. Kukana huko si ushahidi kwamba alidanganya.

Narudi sebuleni. Habari bado inasomwa. Tuseme mama wa mtoto, ambaye ni mmoja wa wale wanne, hakusema anyongwe wala huyo ni mnyama. Tuseme alisema hivi, kwa sauti ya kawaida: "Namwonea huruma yule mtoto. Si kosa lake. Ingekuwa wa kwangu, hata kama aliyemfanyia ni mtu tunayempenda, ningetaka aniambie, na ningemwamini, na nisingemgombeza." Halafu wakaendelea na taarifa ya hali ya hewa.

Mtoto angesikia. Mjomba naye angesikia.